Sikio la Magharibi

Mwenye mashine ya kusaga aliitwa Sikio, na jina hilo hakupewa kwa kejeli. Zamani alikuwa akisimama mlangoni, unga mpaka kwenye nyusi, anainua kidole na kusema, "Imenguruma." Wateja wanacheka, maana jua linawaka na mbingu ni nyeupe pee. Baada ya nusu saa wale wale wanarudi mbio kujibanza kibarazani kwake, ndoo za unga zimekumbatiwa kifuani.

Ndivyo alivyoingia kwenye kundi la wafuatilia hali ya hewa. Walikuwa watu saba, hakuna hata mmoja aliyesomea kazi hiyo. Mwalimu wa jiografia ndiye aliyewakusanya, miaka kumi na tisa iliyopita, na kila mmoja akawa na kopo la kupimia mvua, daftari na simu. Lakini kazi yao yenye maana kuliko zote ilikuwa ya ngurumo. Ukiisikia, unaandika saa na dakika, unamtumia Mwalimu, naye anaweka alama kwenye ramani yake. Alama zikiongezeka anajua mvua ya radi iko wapi na inamfuata nani.

Mvua za radi za huko hutoka magharibi, nyuma ya kilima, na mchana umeme wake hauonekani. Kinachovuka kilima kwanza ni sauti, na aliyekaa chini ya kilima ni Sikio. Yeye akisema imenguruma, Mwalimu anawaondoa wanafunzi uwanjani na mafundi wanashuka kutoka juu ya mapaa. Akisema kimya, kila mtu anaendelea na shughuli zake.

Sasa, mashine ya kusaga yenyewe inanguruma kutwa nzima. Kwa hiyo Sikio alijiwekea utaratibu: mawingu yakianza kupanda, kila saa anaizima kwa dakika tano, anasimama kibarazani na kusikiliza. Wateja walinuna. "Mzee, washa mashine, tuna watoto nyumbani!" Anawanyamazisha kwa kidole, na watu wazima wananyamaza kama wako msikitini.

Mwaka huu hewa ilikuwa haieleweki. Ilikuwa wiki ya tatu sasa: asubuhi jua, mchana mawingu mazito, jioni ama inapiga ama inapita zake. Zima, washa, zima, washa. Sikio alikuwa hoi. Ila kilichomchosha zaidi hakikuwa miguu wala mgongo. Mashine ilikuwa haizimiki. Anabonyeza swichi, mkanda unasimama, anaona kabisa kwamba umesimama, lakini mvumo unaendelea ndani ya kichwa chake dakika tano zote, na nyuma ya mvumo huo hasikii kitu.

Hakumwambia mtu. Angeanzia wapi, mtu mwenyewe ndiye Sikio? Tangu mwaka jana alikuwa amejibunia ujanja wa kusoma shingo za wateja. Wakigeuka wote kwa pamoja kutazama kilima, anachungulia saa na kuandika: imenguruma. Na tuseme ukweli, katika wizi huo alikuwa hodari. Aliweza kutofautisha shingo iliyogeuzwa na ngurumo na shingo iliyogeuzwa na umbea.

Alhamisi, saa nane kamili, alizima mashine. Benchini alikuwepo mteja mmoja tu, msichana aliyechomeka waya wa simu masikioni. Sikio alimtazama kwa dakika tano. Msichana alitikisa kichwa, akachekea simu yake, hakugeuka popote. Hapo simu ya Sikio ikatetemeka mfukoni. Alikuwa Mwalimu: "Mzee, magharibi vipi? Nina watoto mia mbili uwanjani, wanafanya mazoezi ya mbio."

Sikio alitazama kilima, kilikuwa kimejaa weusi. Lakini weusi ulikuwepo kila siku kwa wiki tatu, na mara nyingi ulipita. Akamtazama tena msichana. Halafu akaandika: "Kimya."

Radi ilipiga goli la uwanja wa shule saa nane na dakika ishirini na tano. Hakuumia mtu, na sifa zote ni za nesi wa zahanati, mwenzao wa kundi anayekaa katikati ya mashine na shule. Alimpigia Mwalimu simu huku akipayuka kwamba kwake inanguruma tena si mchezo, na Mwalimu akawafukuza watoto uwanjani kama kuku. Wa mwisho alikuwa ndiyo kwanza anavuka kizingiti cha darasa. Ujumbe wa pili wa Sikio, "Imenguruma," aliouandika baada ya kuuona kwa macho umeme ukishavuka kilima, ulifika wavu wa goli umekwisha kuungua.

Jumapili alasiri Mwalimu alikuja nyumbani na bunda la ramani kwapani. Mke wa Sikio alimtolea kiti kibarazani, mwenyewe akaketi pembeni, mjukuu wao wa miaka mitatu akicheza miguuni pake.

"Mzee, sikuja kugombana," Mwalimu alisema. Naye alikuwa amechoka, macho yamemwingia ndani. Alitandaza ramani mezani na kuinua sauti, kama aliyekwisha kushuku. "Hizi ni za zamani. Ona, alama ya kwanza kila mara iko kwako. Sasa hizi za karibuni. Ya kwanza iko kwa nesi! Eti mvua inatoka magharibi, inakuruka wewe, inaanzia kwa nesi."

Sikio alikohoa.

"Unakumbuka nilivyowaandikia kwamba mvua zimehama njia? Tulibishana mwezi mzima. Nesi akasema ni miti iliyokatwa, fundi redio akasema ni upepo. Na wewe ulichangia, Mzee."

Sikio alikumbuka vizuri. Yeye aliunga mkono upepo.

"Mvua hazikuhama, Mwalimu," alisema. "Ni mimi. Sisikii." Alieleza kila kitu, shingo za wateja, msichana na waya wake. Aibu ilimwaka usoni, lakini mabega yalishuka kama mtu aliyetua gunia.

Mwalimu hakumlaumu. Aliuliza swali ambalo Sikio hakulitarajia. "Tangu lini?"

"Una maana gani?"

"Tuna kumbukumbu za miaka kumi na tisa. Za kabla ya hapo tutazishika, za tangu hapo tutazitupa. Nataka tarehe nipige mstari."

Sikio alishika daftari lake kwa mikono miwili. Goli lilikuwa limeungua, hilo alilikubali, lakini daftari lile ndilo kitu pekee maishani mwake alichokifanya bila kukosa siku hata moja. "Wiki tatu hizi," alisema.

"Baba watoto," mke wake akasema, basi.

"Haya, tangu mwaka jana. Nilipoanza kuwaangalia wateja."

Mkewe alimvuta mtoto magotini pake. "Huyu alipozaliwa, mama yake akaja kukaa kwetu, unakumbuka ulikuwa unawaambia nini wateja?"

Alikumbuka. Kila asubuhi alifika kazini amelala vizuri, anatamba: mjukuu wangu mtulivu, halii kabisa, mtoto wa ajabu.

"Alikuwa analia?"

"Alikuwa analia mpaka majirani wanagonga ukuta. Nyumba nzima haikulala mwezi mzima, isipokuwa wewe."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa umefurahi mno, baba watoto. Nilishindwa."

Sikio alifungua daftari na kuanza kurudi nyuma. Alipita mwaka jana, akapita mwaka juzi, ambao hakudanganya hata mara moja, aliandika "kimya" kwa moyo safi kwa sababu kweli alisikia kimya. Kurasa hizo zilimuuma kuliko za wizi. Alifika mwezi aliozaliwa mtoto, akaweka rula, akapiga mstari. Chini ya mstari ilibaki miaka mitatu ya mwandiko wake mzuri.

Alipoinua macho, shingo tatu ziligeuka kwa pamoja kutazama kilima: ya Mwalimu, ya mke wake, na ya mtoto.

Mkono wa Sikio ulikwenda kwenye saa kwa mazoea. Kisha akaurudisha magotini, akamsukumia Mwalimu daftari na kalamu.

"Andika wewe," alisema.