Wageni wa Mwaka wa Ukame

Juzi nilikuwa nachambua dagaa jikoni, redio ikasema kampuni za utalii zinalalamika: mvua haitabiriki, nyumbu hawafuati tena majira yao, wageni wanaahirisha safari. Nikajikuta nacheka peke yangu. Jambo hilo bibi yangu alilijua zamani, nikiwa bado natembea peku.

Tuliishi Bariadi, upande unaokaribia hifadhi. Ilikuwa enzi za ruksa, na kila mtu alikuwa anafungua kitu: huyu duka la sabuni, yule mashine ya kusaga. Bibi, mkulima wa pamba, alifungua misonge mitatu ya wageni. Aliikandika kwa udongo na samadi, akaweka vitanda vya kamba, na dereva mmoja wa watalii, mtu wa Nyalikungu, akakubali kumletea watu. Miezi ya mvua nyumbu walisogea karibu na kwetu, kwa hiyo mwaka wa kwanza misonge haikukosa mtu. Asubuhi nilikuwa nikifagia uwanja huku nawasikia nyumbu kwa mbali, kama wazee wengi wanaoguna kwa pamoja.

Mwaka uliofuata mvua ikagoma. Mahindi yalikauka yakiwa usawa wa magoti, nyumbu wakashika njia nyingine. Mchana mmoja dereva alifika na gari tupu. Akasalimia, “Mwadila, mayu,” kama tunavyomsalimia mama mtu mzima, kisha akabaki ameshika kofia. Alieleza kwamba wageni wakisikia hakuna wanyama wanafuta safari, na tajiri wake hakuona sababu ya kuleta gari huku tena.

Bibi hakuacha kupepeta mtama. “Waambie nyumbu hawapo,” alisema. “Usiwadanganye. Halafu waambie mimi nipo.”

Wiki ile ile mjomba akaja na shoka. Alitaka nguzo za misonge akajengee zizi, na wala hakuwa mtu mbaya. Ng'ombe wake walikuwa wanakonda, fisi wanavunja boma. Bibi aliketi kwenye mlango wa msonge wa katikati, akanyoosha miguu.

“Nivuke kwanza,” alimwambia.

Mjomba alisimama pale mpaka jasho likamkauka, kisha akarudi kwake. Nikuambie ukweli, mimi nilikuwa upande wa mjomba. Tulikuwa tunakula michembe asubuhi na jioni, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kuanikwa, na niliona bibi anabishana na jua.

Mwezi haujaisha, gari likarudi. Walishuka Wazungu wawili, mke na mume, wazee. Dereva alisema aliwaeleza kila kitu na bado walitaka kuja. Bibi hakuwaomba radhi kwa vumbi. Alimpa mama yule kata ya kuchotea maji, akatupeleka mtoni. Mto ulikuwa mchanga mtupu. Tulichimba, mama yule akapiga magoti akachimba kwa mikono pamoja nasi, mpaka mchanga ukageuka mweusi na maji yakaanza kujikusanya polepole chini ya shimo. Aliyachota kwa kata ile. Tuliyachemsha, tukanywa chai ya rangi na michembe iliyopikwa na karanga. Walikuja kwa siku moja, walikaa nne.

Baada ya hapo dereva akawa analeta watu hata miaka mibaya. Hawakuwa wengi, na misonge yote mitatu haikujaa tena. Mwaka wa mvua kubwa gari lao lilizama kwenye tope jeusi la mbuga, na ni mjomba aliyelivuta kwa ng'ombe wake, akicheka. Mafuriko yale yalibomoa misonge miwili. Bibi alijenga mmoja upya, mgongo ukiwa umeshapinda.

Sasa haupo hata mmoja. Bibi alipofariki sote tulikuwa tumetawanyika, na mchwa hawakungoja. Mchanga wa mtoni umebebwa na malori ya ujenzi. Watalii wanapita juu kwa ndege ndogo, na mvua inazidi kutuyumbisha. Nimeyakubali mengi katika hayo. Lakini watu wakisema pale kwetu hapakuwa na cha kumwonyesha mgeni mwaka wa ukame, nabisha. Nilikuwepo, na mikono yangu ilikuwa ndani ya shimo lile.