Sentensi za Ukutani: Nilivyofundisha Kiingereza cha Mambo ya Zamani

Siku yangu ya kwanza kazini niliingia darasani na vipande viwili vya chaki na sweta la kuazima. Ilikuwa shule ya kijiji upande wa Kifanya, mwezi wa saba, na watoto walikuwa wameingiza mikono ndani ya mashati kwa baridi. Mimi nilikuwa mwalimu wa UPE, yaani mmoja wa wale waliomaliza darasa la saba wakafundishwa ualimu hukohuko vijijini, kwa sababu madarasa yalikuwa mengi na walimu hawakuwepo. Mwalimu Mkuu alinipokea mlangoni.

“Kiingereza unakijua?”

“Kidogo, mwalimu.”

“Kidogo kinatosha. Hapa hakuna mwenye hata hicho.”

Sina hakika kama alifanya vizuri kunipa somo lile. Tangu mwaka huo nina daftari ambamo kila Ijumaa naandika mambo ya juma zima, hasa makosa yangu, na swali hilo limo mara nyingi. Haya ninayosimulia nimeyatoa humo.

Walimu vijana wananiuliza tulifundishaje bila vifaa. Tulikuwa na azimio la kazi, ambalo ni mpango wa muhula mzima, na andalio la somo, mpango wa kipindi kimoja. Zana tulijitengenezea: karatasi ya manila, kalamu ya wino mzito, gundi ya unga wa ngano uliopikwa. Kitabu cha Kiingereza kilikuwa kimoja. Nilikwenda nacho nyumbani, nikajifunza leo kile nitakachofundisha kesho. Ukweli ni kwamba watoto walikuwa nyuma yangu kwa ukurasa mmoja tu.

Baada ya miaka kadhaa nilihamishiwa Makambako. Shule ilikuwa karibu na barabara kuu, na malori ya mbao yakipita ilibidi ninyamaze mpaka yaishe. Mwalimu Mkuu wa hapo alikuwa mkali, lakini hakuwa mwonevu. Alinipa Kiingereza cha darasa la saba kwa majaribio.

“Mkaguzi akija akaridhika, utaendelea, na nitakupendekeza uende chuo,” aliniambia. “Asiporidhika, nakurudisha darasa la kwanza ukaimbe nao.”

Hakuna ubaya kuimba na darasa la kwanza. Ila mimi chuo nilikitaka sana, na njia ya kufika huko ilikuwa hiyo moja.

Somo lililokuwa kwenye azimio muhula ule ni jinsi Waingereza wanavyosimulia mazoea ya zamani, au hali iliyokuwepo na sasa haipo. Wao hutanguliza maneno used to, ndipo linafuata tendo lenyewe. Sisi tunasema tu alikuwa akilima, alikuwa na ng'ombe. Kitabu kilikuwa na mfano wa bwana aliyekuwa akivuta kiko. Watoto walimkariri bwana huyo vizuri kabisa, lakini ukiwauliza habari za mtu mwingine, wanakutazama tu.

Nikawaambia waende nyumbani, wawaulize wakubwa: zamani mlikuwa mkifanya nini ambacho leo hamfanyi? Kesho yake darasa lilikuwa kama gulio. Kuna aliyeleta habari za bibi aliyekuwa akisaga kwa jiwe, na mwingine za mama aliyekuwa akibeba mbao kichwani kutoka msituni. Nilizisahihisha sentensi zote, nikaziandika kwenye manila, nikazibandika ukutani. Nilijiona mwalimu kweli.

Binti mmoja, Faraja, aliandika: My grandfather used to have two wives. Babu yangu alikuwa na wake wawili. Nilikagua herufi moja moja, nikaweka tiki. Kosa langu lilikuwa hapo, kwamba nilikagua herufi tu.

Babu yake, Mzee Mgaya, alikuwa mwenyekiti wa kamati ya shule na mzee wa usharika. Ujana wake alikuwa karani wa mbao, na Kiingereza alikijua kunishinda. Alhamisi, kamati ilipomaliza kikao, aliingia darasani kwangu, mikono nyuma, akasoma ukuta mzima.

“Mwalimu, huyu hapa ni mimi.”

“Ndiyo, baba.”

“Si uongo. Nilipobatizwa nilimrudisha yule mke mdogo kwao Kifanya, na watu wanajua. Lakini watu kujua ni jambo moja, na kubandikwa ukutani ni lingine. Uliniuliza?”

“Sikukuuliza, baba. Naomba radhi.”

“Na yule mama, ulimwuliza?”

Alipotoka nilianza kuzibandua zote, maana kama yeye hakuulizwa, hata bibi wa jiwe hakuulizwa. Mwalimu Mkuu alinikuta juu ya dawati.

“Umerukwa na akili? Mkaguzi anakuja Jumatatu! Utamwonyesha ukuta?”

“Nitamwonyesha watoto.”

“Watoto hao wakiona mtu mwenye tai wanasahau hata majina yao.”

Naandika kwa haki: hakuwa na nia mbaya. Alitaka nifaulu.

Ijumaa kila mtoto alirudi kwao na sentensi yake, akamsomee mwenyewe aliyeandikwa na kumtafsiria. Akikubali, irudi. Akikataa, ibaki huko. Mimi Jumamosi nilipanda gari mpaka Njombe, na kutoka hapo nikaenda Kifanya, kwa yule mama. Nilimkuta anapukuchua mahindi.

“Kamwene, mama.”

“Kamwene, mwanangu. Umetumwa na nani?”

Nilimweleza yote. Alicheka mpaka gunzi likamtoka mkononi.

“Kwa hiyo mimi siku hizi ni Kiingereza?”

“Nisamehe, mama.”

“Wawili! Wawili! Mmetuhesabu kama mbuzi. Mtu mwenyewe hamkumwandika.” Akapukuchua kidogo, kisha akasema, “Kama ni lazima niwe ukutani, andika kwamba alikuwa akinichekesha. Tukipalilia, alikuwa akimwiga mwinjilisti akihubiri, na mimi naacha jembe, nakaa chini. Hilo andika. Na umsomee mwenyewe.”

Jumapili baada ya ibada nilimvuta Mzee Mgaya pembeni, nikamsomea kutoka kwenye karatasi: He used to make her laugh. Aliangalia viatu vyake.

“Amesema hivyo?”

“Amesema hivyo, baba. Na habari za mwinjilisti amenieleza.”

“Hee! Hizo usiandike!” Alitazama nyuma kama mchungaji yupo karibu. Kisha akashusha sauti. “Hiyo ya kuchekesha weka. Jina usiweke.”

Jumatatu ukuta ulikuwa umejaa nusu tu. Mkaguzi alipitisha kidole kwenye nafasi zilizo wazi.

“Huku pamebaki wazi kwa nini?”

“Wenyewe hawajaruhusu, bwana mkaguzi.”

Aliniangalia kana kwamba nimemjibu kwa lugha asiyoijua. Nikamweleza. Aligeuka akamsimamisha Faraja, akamwuliza kwa Kiingereza bibi na babu zake zamani walikuwa wakifanya nini. Tai alikuwa nayo, tena nyekundu. Faraja alimtazama machoni, akamjibu sentensi tatu bila kitabu, na wenzake wakanyoosha vidole, kila mmoja akitaka kumleta mtu wake.

Kwenye taarifa aliandika kwamba matamshi yangu ni mabaya, kwamba andalio langu halikugawa muda, na kwamba niendelee na somo na nipelekwe chuo. Yote matatu yalikuwa haki. Sidai kwamba wale wazee walirudi kuzungumza, sijui. Najua tu kwamba Krismasi ile babu alimtuma Faraja Kifanya na kitenge kipya.

Chuo nilikwenda, nikafundisha shule nyingine tatu, na ya mwisho ikawa hapa Njombe mjini, kata ya Ramadhani, ninapoishi. Utaratibu ule sikuuacha: sentensi kwanza inarudi nyumbani kwa mwenyewe, ndipo inapanda ukutani. Ulinipotezea vipindi vingi, na wenzangu walinitania kwamba nafundisha kwa vibali. Inawezekana wanafunzi wangu wangejifunza haraka zaidi kwa mwalimu mwingine. Ila nafsi yangu imetulia, na nikikutana nao sokoni wananisalimia kwa furaha.

Wiki ya kuagwa kwangu kustaafu, wanafunzi wawili walibisha hodi kwangu na manila iliyokunjwa. Walitaka kuibandika siku ya sherehe, na kwa utaratibu wangu mwenyewe walikuja kunisomea kwanza. Sentensi zilikuwa mbili. Ya kwanza ilisema kwamba mwalimu wetu alikuwa akijua Kiingereza chote. Niliomba kalamu nikaifuta, maana si kweli.

Ya pili walisita kuisoma. Mmoja alimsukuma mwenzake kwa kiwiko. Our teacher used to be afraid of us. Mwalimu wetu alikuwa akituogopa.

“Tuitoe, mwalimu?”

Nikaenda kuchukua miwani, nikaisoma mwenyewe, polepole. Miaka yote ile niliogopa wataniuliza nisichokijua, na nilidhani hawaoni.

“Iacheni,” nikawaambia. “Bandikeni.”