Samli Iliyonipita

Jumapili iliyopita dada alinipigia simu kutoka Masumbwe, anakowapikia chakula wachimbaji wa dhahabu. Sikumaliza hata kumwamkia. "Leo bibi kapita jikoni kwangu," akasema. "Nimesikia harufu ya samli, mdogo wangu, na humu ndani hamna hata tone." Niliitikia vizuri, lakini kwa wivu. Nikuambie ukweli, sijawahi kumwonea mtu wivu wa gari wala nyumba. Namwonea dada yangu wivu wa pua.

Wivu huo ulianzia Samuye, tulikolelewa na bibi. Asubuhi alikaa kwenye kigoda akisukasuka kibuyu cha maziwa, chwa, chwa, mpaka siagi ijitenge, kisha akaichemsha hadi nyumba nzima inukie. Alituambia kwamba marehemu mama yake naye alikuwa fundi wa samli, na huwa anarudi kutazama vitukuu. Ukisikia samli siku ambayo hakuna iliyochemshwa, ujue ni yeye anapita, mwamkie. Basi dada, katikati ya kufagia, alikuwa anasimama ghafla: "Shikamoo." Bibi alifurahi, akamkwangulia mashapo matamu ya chini ya chungu.

Mimi nilivuta hewa mpaka kizunguzungu, nikaambulia mavi ya ng'ombe tu. Siku moja nikaona isiwe tabu, nikaamkia kwa sauti kubwa. Bibi akaniuliza, "Kapitia wapi?" Nikaonyesha zizini. Alicheka mpaka akashika ubavu. "Mama yangu huyu? Alikuwa anaogopa ng'ombe. Maziwa tulimpelekea ndani." Dada alinicheka wiki nzima, na mashapo akala yeye.

Sasa bibi mwenyewe ametangulia. Nyumba ya Samuye imebomoka, ng'ombe waliuzwa, kibuyu sijui kiliishia wapi. Samli ninayonunua hapa Tinde inakuja kwenye kopo la plastiki na hainukii kitu. Na mimi ndiye niliyemuuguza bibi. Nilimwogesha, nikamlisha uji kwa kijiko mpaka siku ya mwisho, dada akiwa huko machimboni. Halafu bibi anapita kwa dada. Inauma, na mtu mzima huwezi kulisema jambo kama hili barazani.

Nilitaka kukata simu. Badala yake nikajisikia nasema, taratibu, kama anayeomba chumvi kwa jirani:

"Dada, akipita tena, mwambie mimi sijahama. Nipo hapahapa Tinde, nyuma ya mashine ya kusaga."