Sabato ya Dhoruba ya Jua

Sisi watu wa milima hii radi tunaijua. Kule kwetu Manga huwezi kupata ukoo ambao haujazika mtu aliyepigwa nayo. Ndiyo maana mawingu yakianza kunguruma, mama yangu hahitaji kukumbushwa. Redio inazimwa, kioo kinafunikwa kwa leso, jembe na panga vinaondolewa mlangoni, na simu yake ya kabambe, ile ndogo ya vibonyezo, inatolewa betri kabisa. Ukiwa na nguo nyekundu utaivua. Mimi ni mwalimu wa jiografia, nafundisha karibu na Nyaramba, na hata mimi naivua.

Kwa hiyo simlaumu mama. Namlaumu mzee wa kanisa, na mpaka leo nikimwona njiani najifanya natafuta kitu kwenye mkoba. Sabato ile asubuhi alisimama mbele ya waumini akawasomea ujumbe aliotumiwa kwenye simu, wa aina ile isiyo na mwenyewe. Dhoruba ya jua imeanza, itaunguza kila chombo chenye umeme, zimeni simu mpaka kesho. Tahadhari kabla ya hatari, akamalizia. Watu wakaenda nyumbani wakafanya yale yale wanayofanyia radi. Mlima mzima ukazima simu.

Dhoruba yenyewe ilikuwepo, sibishi. Jua lilikuwa limechafuka, likatema wingu la hewa moto yenye chaji za umeme, na wingu lile likaja kugonga ile nguvu ya sumaku inayoizunguka dunia, likaitikisa. Nchi za kaskazini anga iliwaka rangi, watu wakatoka nje kupiga picha. Huko mbali inaweza kulemea nyaya ndefu za umeme mpaka transfoma ziungue, na inasumbua setilaiti na redio za ndege. Lakini kabambe ya mama, hapa karibu na ikweta? Ng'o! Haiwezi kuiunguza hata ikitaka. Si mzee yule angeuliza? Kanisa lina walimu wangapi! Hakuuliza mtu.

Mimi sikuwa kanisani. Nilikuwa hospitalini Kisii mjini, kando ya kitanda cha baba. Kiharusi kilikuwa kimemfunga ulimi, na mama alikuwa amekaa kando yake kwenye kiti cha mbao mpaka miguu ikamvimba, ndipo akakubali kwenda nyumbani kusali na kulala, arudi Jumapili.

Mchana ule baba akafungua macho, akasema jina langu. Nilishtuka nikamwaga uji. Ulimi ulikuwa mzito, lakini maneno yalieleweka.

"Nipatie mama yenu."

"Yuko nyumbani, Baba. Niambie mimi, nitamwambia."

"Si lako hilo." Akavuta pumzi. "Nipatie mama yenu. Kuna neno."

Nikapiga. Mteja hapatikani. Nikapiga tena. Nikampigia jirani wa juu, jirani wa chini, na shangazi aliye karibu na kanisa. Wote hawapatikani! Nilidhani mtambo wa mtandao umeanguka. Baba ananitazama, mimi natabasamu kama mjinga, namwambia subiri kidogo, Baba, anakuja.

Mwishowe nikampigia kijana wa bodaboda anayetubebea ndizi, akiwa hapo mjini, nikamwambia apande Manga haraka, akifika ampe mama simu yake. Akaenda. Njia ilikuwa na matope, na ile miinuko unaijua. Baba aliuliza mara moja tena, "Bado?" Nikasema bado. Baada ya hapo hakuuliza. Aligeuza uso ukutani, midomo ikawa inasogea bila sauti, nikainama kusikiliza, sikupata kitu. Muuguzi alikuja akamshika mkono, akaniangalia, nikajua.

Baadaye yule wa bodaboda akanipigia. "Mwalimu, nimefika. Mama amejifungia ndani, simu ameiweka kwa chungu. Nimpatie?"

Nikamwambia amlete tu.

Mama alifika na nguo zake za kanisa, matope mpaka magotini. Hakulia pale. Alimfunga baba kidevu kwa leso yake, akaketi kwenye kile kiti. Nilikuwa na hasira ambayo sikuwa na mahali pa kuiweka. Nilitaka kumpigia mtu kelele, na aliyekuwa mbele yangu ni yeye, maskini wa Mungu, aliyefanya kila kitu kama alivyofundishwa.

Aliniuliza wiki moja baada ya mazishi, tukichuma majani chai. Hakusimama, vidole vinaendelea.

"Alinitafuta?"

"Alikutafuta, Mama. Alikuwa na neno."

"Neno gani?"

"Alikataa kuniambia."

Akachuma, akachuma. Kisha akasema, "Wewe umesoma mambo ya jua. Niambie ukweli. Kama ningeacha simu wazi, ingeingia?"

Kila mwaka nawafundisha watoto wa watu jambo hili ubaoni. Nalijua vizuri.

"Isingeingia," nikasema. "Saa ile dhoruba ilikuwa imekata kila kitu."

Akaacha kuchuma. Akashusha pumzi ndefu, akanishika mkono kwa vidole vyake vyeusi kwa utomvu wa chai.

"Basi si mimi," akasema.

"Si wewe, Mama."