Mjalidi wa Shahada za Wenzake

Saa moja na nusu asubuhi, mashine ya kupigia herufi za dhahabu imekwishapata moto. Mwanamume wa miaka arobaini na sita, ambaye wanafunzi humwita Gundi, anainamia jalada la buluu la tasnifu na kuushusha mpini. Jina linang'aa, na chini yake: Shahada ya Uzamili katika Fedha.

Jina si lake.

"Mwaka huu nimepiga mia mbili na kumi na tatu," anasema, akipuliza vumbi la dhahabu. "Nawapongeza wote kwa mdomo."

Kibanda chake cha kujalidi vitabu kinatazamana na lango la chuo. Naye ni mwanafunzi wa shahada hiyohiyo, masomo ya jioni. Ya miaka miwili, na huu kwake ni wa nne. Theluthi ya kipato chake humezwa na ada. Mara mbili ameahirisha muhula, mara ya kwanza kwa maradhi ya mama yake, ya pili kwa kukosa ada.

Alijiandikisha siku moja na mdogo wake wa kike, karani wa benki. Mdogo amemaliza.

"Nilimfundisha kujumlisha kwa njiti za kiberiti," anasema Gundi. "Leo ananieleza mimi maana ya riba. Unamsikiliza, unatabasamu, na ndani unawaka."

Wahenga walisema hasidi hana sababu. Gundi alidhani anayo, na ndiyo iliyomponza.

Alhamisi moja mwezi uliopita, mdogo wake alileta nakala nne za tasnifu. Zilitakiwa chuoni kesho yake kabla ya adhuhuri. Akichelewa, angengoja mahafali ya mwaka mwingine. Desturi ya mjalidi ni kupitisha kidole gumba pembezoni mwa kurasa kabla ya kutia gundi. Kidole kilisimama: baada ya ukurasa wa 61 ulikuja wa 63. Jedwali la matokeo, roho ya utafiti wote, halikuwamo katika nakala hata moja.

"Kaka, ziko sawa?"

"Ziko sawa."

Akazijalidi zote nne.

Alfajiri iliyofuata aliswali bila kuipata sala yake. "Midomo inasoma, moyo uko ukurasa wa sitini na mbili." Alirudi kibandani, akachukua kisu, akaipasua migongo ya vitabu vyote, kisha akapiga simu.

"Niletee ukurasa wa sitini na mbili. Nakala nne."

"Umegundua leo kwamba haumo?"

"Jana."

"Basi nisikie na mimi," alisema mdogo wake. "Uliponipita katika mtihani wa takwimu, niliwaambia wenzetu umeibia majibu. Washa mashine, kaka, saa zinakwenda."

Tasnifu zilipokelewa zikiwa zimebaki dakika ishirini.

Wivu haujaisha, na Gundi hajidai umeisha. "Siku akivaa joho, nitatazama viatu vyangu kwanza, halafu nitampigia makofi."

Jumatano ijayo anawasilisha pendekezo la utafiti wake mbele ya walimu watatu. Likipita, huenda akamaliza kabla ya mwaka kwisha. Amekwisha kumpa mdogo wake alisome, achokoe makosa.

"Amekaa nalo siku ya tatu," anasema, akitazama simu iliyo kando ya chungu cha gundi. "Akiona kosa akanyamaza, nitamlaumu kwa mdomo gani?"