Siku Niliyofunga Koki Mbele ya Wakwe

Nisingeisimulia siku hii kama dada yangu Halima hangekuwa anaisimulia vibaya zaidi kila Idi, kwa hivyo heri mnisikie mimi mwenyewe, na mkicheka mcheke polepole.

Ilikuwa miaka ya themanini, nimerudi Isiolo likizo kutoka Uingereza, ambako nilifanya kazi na wahandisi wa mitambo ya umeme wa nyuklia. Mtambo ule una joto la kutisha, lazima maji yapite kwenye mabomba bila kukoma ili kuupoza, nasi tulikuwa na programu ya kompyuta (kompyuta yenyewe imejaza chumba kizima, mimi naona kioo chake tu) ambayo ukiiambia bomba lina upana gani na pampu ina nguvu gani, inakuambia maji yatakwendaje na presha itapanda wapi. Baba yangu, mchuuzi wa ng'ombe, alikuwa amewaambia watu wa soko kwamba binti yake anapoza moto wa atomu, na watu wakisikia atomu wanaelewa bomu.

Basi siku hiyo wakaja wageni kutoka Kinna kumposa Halima, wakiongozwa na Haji Wako, baba ya kijana. Baada ya salaam na chai, Haji akanigeukia mimi.

"Binti, nasikia unatengeneza bomu. Hiyo kitu haitafuata huyu dada yako nyumbani kwangu?"

Nyuma ya pazia nikasikia Halima ameacha kupumua.

"Hapana, Haji. Mimi nahesabu maji tu."

"Maji inahesabiwa namna gani?"

Ningejibu "kwa kalamu" yakaisha. Badala yake nikaamua kuwaonyesha. Nikawatoa wazee nje na kanzu zao nyeupe, mpaka kwenye bomba kuukuu linaloshuka kutoka tangi la kilimani hadi kwenye birika la ng'ombe wa baba. Nikawaeleza, kwa sauti ya mwalimu, kwamba maji yanayokimbia ni kama kundi la ng'ombe linalokimbia (mfano huo niliupenda sana), ukilifungia lango ghafla wa mbele wanasimama na wa nyuma wanawapanda, na programu yangu inajua mapema nguvu ya msukumano huo. Kisha nikashika mkono wa koki nikaufunga kwa mara moja, ili wasikie mlio kidogo.

Mlio waliusikia. Bomba liligonga kama nyundo, likatetemeka, kiungo kikaachia pale pale waliposimama wageni, maji yakawapiga kifuani, kofia ya Haji ikaruka, ng'ombe wakashtuka wakapita katikati yetu, na mimi mhandisi nikakimbilia kuziba ufa kwa viganja, nikawalowesha hata wale waliokuwa wamepona. Hayakukoma mpaka mtu alipopanda kilimani kufunga tangi, na hapo hapo adhuhuri ikaadhiniwa, na bomba lile ndilo lililokuwa likipeleka maji msikitini pia. Watu wakatoka na viatu mkononi wakiuliza ni nani amefanya hivi, na jibu likapita mtaa mzima hadi nilipo mimi: ni yule wa atomu.

Haji Wako alikuwa anakamua kanzu yake. Akamwuliza baba, taratibu, "Na huyu Halima, yeye anajua hesabu?"

"Hajui," baba akasema.

"Basi tutamchukua."

Ndipo watu wakathubutu kucheka. Mimi sikuweza.

Jioni baba alinikuta nimekaa peke yangu kando ya lile bomba. Nilingoja anikaripie. Akachuchumaa, akaligusa pale lilipoachia.

"Huko kwenu, ikipasuka hivi, wale watu wanakaa karibu wanaenda wapi?"

Programu yetu iliishia kwenye ukuta wa bomba. Nje ya hapo hapakuwa na namba, wala mtu.

"Sijui, baba."

"Basi uliza," akasema, akaenda kutafuta ng'ombe wake.

Kumwonyesha mtu kazi yangu kwa vitendo nimeapa sirudii. Lakini swali lile nililibeba hadi ofisini, nikaliuliza mkutano hadi mkutano, mpaka wakubwa wangu wakawa wakiniona nimeinua mkono wanaangalia dirishani.