Skripti Niliyoipeleka Lubondja

Yaya alinipigia simu asubuhi, nikiwa nimeitandaza printa ya shule ya jirani vipande vipande juu ya meza. Yeye ni dada yangu mkubwa, mkunga katika kituo cha afya cha Lubondja, huko juu milimani. Mimi nakaa chini, mjini Baraka, natengeneza kompyuta katika chumba kimoja nyuma ya soko. Si kawaida yake kunipigia asubuhi, kwa sababu asubuhi ndipo akina mama wanajaa barazani kwake, na tena ili ashike mtandao lazima apande kilima kilicho nyuma ya kanisa.

"Ile ordinatere inakatala," alisema, akihema. Alimaanisha kompyuta ya kituo.

"Inakatala namna gani?"

"Inasema kuko kitu inakosekana. Inaandika majina ya ajabu tu, halafu inajifunga."

Wageni fulani walikuwa wameacha kituoni kwake chombo cha ekografi, kidogo, kinashikika kwa mkono mmoja kama mche wa sabuni. Hakina kioo chake. Unakichomeka kwenye kompyuta, na kompyuta ndiyo inakuonyesha mtoto tumboni. Kompyuta iliyokuja nacho ilizama mtoni pamoja na pikipiki iliyokuwa imeibeba, haikufufuka. Baadaye paroko wa huko aliwapa nyingine, kuukuu, yenye Windows ya zamani na betri iliyokufa kabisa, lakini ukiichomeka kwenye umeme inawaka. Programu ya ekografi ilikuwepo kwenye flashi. Yaya aliibonyeza kama alivyoelekezwa, nayo ikakataa.

Nilimwambia anisomee yale maandishi herufi kwa herufi. Kabla hajamaliza nilikuwa nimeshajua. Programu nyingi haziwezi kusimama zenyewe. Aliyeiandika hakuandika kila kitu. Aliazima kazi za wengine, na hizo kazi za wengine lazima ziwe ndani ya kompyuta kabla yake. Sisi wa kazi hii tunaziita vitegemezi. Kitegemezi kikikosekana, programu haikwambii kwa ustaarabu uiletee nini. Inakutajia faili usilolijua, kisha inakufungia mlango. Mahali penye intaneti kisakinishi, yaani kile kinachoiingiza programu kwenye kompyuta, hutafuta kinachokosekana na kukipakua chenyewe. Lubondja kilitafuta, hakikukuta kitu, kikanyamaza.

Nilipakua kile kilichotajwa, nikakiweka kwenye flashi, nikampa mwendesha pikipiki anayepanda huko. Yaya akakisakinisha. Programu ikadai kingine. Nikatuma kingine. Hicho nacho kikasema hakilingani na aina ya kompyuta ile. Kila swali dogo la mashine lilitaka safari nzima ya pikipiki, na kila safari ilitaka barabara iwe imekauka na wenye bunduki wawe wametulia.

Ndipo nikaamua kuandika skripti, yaani maagizo ambayo kompyuta inayafuata bila kuuliza mtu. Tazama kwanza mashine hii ni ya aina gani. Tazama kama maktaba fulani, yaani kifurushi cha vile vitegemezi, ipo. Kama haipo, iweke. Ngoja imalize. Halafu weka dereva, ile programu ndogo inayoiwezesha kompyuta kukitambua kile chombo. Mwisho, programu yenyewe. Nilitaka Yaya abonyeze mara moja tu, kisha arudi kwa wagonjwa wake.

Kwenye kompyuta yangu ilipita mara ya kwanza. Nilifurahi bure. Kompyuta yangu ilikuwa na vitu vyote tangu zamani, kwa hiyo skripti ilikuta milango yote wazi. Nikatafuta mashine kuukuu inayofanana na ya Yaya, nikaifuta, nikaiwekea Windows ileile, tupu. Hapo ikaanguka. Maktaba niliyotaka kuiweka ilidai kwanza sasisho la Windows, na lile sasisho likadai sasisho jingine lililolitangulia. Nikayatafuta yote mawili. Kisha ikawa inasimama katikati bila sababu. Kila hatua ikimalizika huacha namba, na sifuri maana yake ni salama. Hatua moja ilikuwa inaacha 3010, na skripti yangu ilidhani hilo ni kosa. Kumbe maana yake ni kwamba kazi imekwisha, ila kompyuta izimwe na kuwashwa upya. Nikaandika kwamba ikiiona namba hiyo, ijiwashe upya yenyewe na kuendelea pale ilipoachia. Niliifuta ile mashine na kuanza upya mara nyingi, mpaka nikaacha kuishuku.

Nilikuwa namtafuta mwendesha pikipiki wa kuipeleka, Yaya alipopiga tena.

"Usitume kwa mutu. Kuya we mwenyewe," alisema. "Kuko mama moja hapa, tumbo yake siielewe."

Nilifika Lubondja saa za asubuhi, suruali imejaa matope hadi magotini. Yule mama alikuwa amekaa kwenye benchi pamoja na mumewe. Walikuwa wakimbizi kutoka Burundi, wanalima muhogo na mahindi katika shamba waliloazimwa na wenyeji. Alinisalimia kwa mikono miwili, akaniita munganga, yaani daktari. Nilimwambia mimi si munganga, ni mtu wa kompyuta tu. Mumewe akasema, "Haizuru. Umekuya kutusaidia."

Yaya alinivuta nje, upande wa jikoni.

"Miezi yake haiyatimia," alisema. "Ametoka damu mara mbili, bila kuumwa. Inaweza kuwa kondo ya nyuma imelala mbele ya mulango ya mutoto. Kama ni ile, nikimuacha hapa, siku ya kuzaa damu yote itamwangika na sina cha kufanya. Inafaa apasuliwe kule Baraka. Lakini kama kondo iko mahali pake, damu ni kitu kidogo, anapashwa kulala tu. Nikimutikisa kwa ile barabara, anaweza kuzaa mbele ya wakati. Mikono yangu haione kondo. Ile mashine njo inaona."

"Sasa hivi tutaona," nilimwambia, na nilisema kama mtu mwenye uwezo.

Umeme wa kituo ulitoka kwenye paneli za jua, nao ulitosha taa na friji ya chanjo. Kwa hiyo Yaya alikuwa ameazima betri ya kwaya ya kanisa, ile inayoendesha vipaza sauti vya Jumapili. Niliunganisha, nikawasha, nikachomeka flashi, nikabonyeza. Mistari ikaanza kupita kwenye kioo. Nyuma ya pazia yule mama alikuwa ameshalazwa, na kile chombo kilikuwa pembeni yake juu ya kitambaa safi, na chupa ya mafuta ya kupaka tumboni imefunguliwa tayari.

Sasisho la kwanza lilipita. La pili likapita. Namba 3010 ikatokea, na kompyuta ikajizima ikajiwasha kama nilivyoiagiza. Kisha kioo kikawa cha buluu, kikaandika kwa Kifaransa kwamba kompyuta inajipanga na isizimwe, na pembeni asilimia zikaanza kupanda. Katika hali hiyo hakuna anachoweza kufanya mtu yeyote, awe fundi au asiwe fundi. Kibodi haisikii. Unakaa tu.

Mume alikuja kusimama nyuma yangu.

"Sasa iko nafanya nini?"

"Inajitengeneza, papa."

"Itamaliza wakati gani?"

"Haisemi."

Aliinamisha kichwa kwa heshima, akaendelea kusimama.

Mawingu yalikuwa yamekaa juu ya milima tangu alfajiri. Betri ya kwaya ilikuwa imeimba Jumapili nzima na haikupata jua la kuijaza. Kifaa cha kugeuza umeme kikalia mara kadhaa, chembamba, kama kifaranga, na kioo kikazima. Nilibaki nimeshika kompyuta kwa mikono miwili kana kwamba ningeweza kuizuia isiondoke.

Yaya alichungulia kutoka nyuma ya pazia. Aliangalia friji ya chanjo, akaangalia kompyuta, akaangalia friji tena. "Ile friji hatuizime," alisema. "Mule muko dawa ya batoto ya Lubondja yote." Akazima taa zote, tukaleta waya kutoka kwenye paneli za kituo, tukangoja wingu lisogee. Liliposogea kidogo niliwasha. Kioo kiliandika kwamba mpango umeshindikana na kwamba kinarudisha kila kitu nyuma. Nimeusoma ujumbe ule mara nyingi katika kazi yangu, na sikuwahi kuuogopa kabla ya siku ile. Mashine ilirudi nyuma polepole, ikifuta kila kilichokuwa kimeingia. Kabla haijamaliza hata kurudi, wingu likafunga na kioo kikazima tena.

Nilijaribu bila yale masasisho, maktaba ikakataa. Nilijaribu programu peke yake, ingawa nilijua. Ikanitajia lile faili lake na kujifunga. Nje mvua ilianza.

Nilimsikia yule mama akiuliza kwa sauti ya chini, "Mama munganga, mutoto yuko namna gani?"

"Moyo wake unapiga. Nimeusikia na kifaa changu cha kusikiliza tumbo," Yaya alijibu. "Tulia."

Baadaye damu ilitoka tena, ikazidi ya siku zilizopita. Yaya alitoka nje ya pazia akijifuta mikono.

"Bado?"

"Bado."

Alikaa kwenye kiti cha mgonjwa, akaweka mikono magotini, akafumba macho. Nilidhani anaomba. Alipofumbua alimwita mume, akamwambia atafute wanaume wa kubeba kipoyi, machela ya miti, mkewe apelekwe Baraka.

Tulimbeba juu ya miti miwili na blanketi mpaka pale gari linapoweza kufika. Nami nilishika zamu yangu begani, kwa sababu bega lilikuwa kitu pekee nilichokuwa nacho cha kutoa. Yaya hakuweza kutufuata. Kulikuwa na mwanamke mwingine ambaye uchungu wake ulikuwa umeanza. Alitembea nasi hadi mwisho wa nyumba, akamfunika yule mama vizuri miguuni, akarudi bila kuniangalia.

Tulipata gari la mfanyabiashara aliyekuwa anateremsha mahindi Baraka. Tulimlaza juu ya magunia. Dereva alijitahidi, lakini barabara ile haina sehemu ya kujitahidi. Kila shimo lilimwinua na kumtua. Mume alikuwa ameshika kichwa cha mkewe, mimi nimeshika miguu. Tulipokuwa bado mbali yule mama alisema kwa upole, kama anayeomba radhi, "Tumbo inanishika."

Nilitoa simu nimuulize Yaya la kufanya. Hakukuwa na mtandao, na hata ungekuwepo, yeye hakuwa kilimani. Begani nilikuwa na mkoba wenye ile flashi. Mume aliniangalia na mimi nikamwangalia.

Hospitalini Baraka walimpokea haraka. Daktari alimpaka mafuta tumboni, akapitisha chombo chao, na kwenye kioo kila kitu kikaonekana kwa muda mfupi kuliko ule niliotumia kufungua waya. Alitoka akatuambia mlangoni, bila kumlaumu mtu, "Kondo iko juu, muzuri kabisa. Lakini mutoto ameshaanza njia." Mtoto alizaliwa jioni hiyo, wa kiume, mdogo sana, analia kwa shida.

Kesho yake Yaya alipiga kutoka kilimani.

"Kondo ilikuwa wapi?"

"Juu."

"Na mutoto?"

"Anapumua. Wamemufunga kwa kifua ya mama yake."

"Mi njo nilimutuma," alisema.

"Yaya, haukukuwa na namna."

"Najua. Lakini nilimutuma."

Nilikwenda kuwaona kila mara nilipopata nafasi. Mtoto alikuwa anaonekana pale tu mama alipofungua kitenge, uso mdogo umegeukia ubavuni. Aliishi siku chache. Walimzika Baraka, kwa sababu hawakuwa na jinsi ya kupanda naye.

Nilimkuta yule mama katika uwanja wa hospitali anakunja vitu vyake ili warudi. Yeye ndiye aliyeanza.

"Ile mashine ilipona?"

"Haiyapona, mama."

"Muitengeneze," alisema, akiendelea kukunja. "Kuko bamama bengine."

Mwendesha pikipiki aliniteremshia kompyuta ile, safari hii imefungwa ndani ya plastiki. Niliiweka mezani kwangu, nikaichomeka kwenye umeme uliotulia, nikabonyeza skripti ileile. Sikuwa nimebadilisha mstari hata mmoja. Sasisho la kwanza, la pili, 3010, ikajizima, ikajiwasha, ikajipanga, ikaendelea ilipoachia, ikaweka maktaba, dereva, programu. Chai yangu ilikuwa bado ina moto. Nilitamani nikute kosa ndani yake, mahali nilipoandika vibaya, ili nipasahihishe. Niliipitia mstari kwa mstari. Haikuwa na kosa.

Niliipandisha mwenyewe. Yaya aliichomeka kwenye paneli, siku ya jua, na kwenye benchi kulikuwa na mama aliyekuwa akingoja. Niliketi nje, chini ya dirisha. Nilisikia Yaya akimwambia alale vizuri, kisha akasema, "Kondo iko juu. Unaona hapa? Rudia nyumbani, ulale. Usibebe maji."

Mama huyo alitoka anacheka peke yake, akaondoka. Yaya alitoka baada yake. Alinipita, akazunguka nyuma ya kituo, akakaa huko. Nilisimama nimfuate. Halafu nikakaa tena, kwa sababu maneno aliyomwambia huyu ndiyo angemwambia yule mama wa Burundi, kama siku ile mashine ingekubali.